Redio Uliyoiamini Kuliko Macho Yako

Mjukuu wangu wa mgongoni, Meshaki,

Kama umekula, nakusalimu. Kama hujala, nenda ukale kwanza, maana maneno haya si ya kusikilizwa na tumbo tupu.

Unajua mimi shule niliiona kwa nje tu. Anayeandika ni mwalimu Rehema, yule wa Tanga aliyepangiwa shule yetu hapa Heru Juu, ambaye mpaka leo analalamikia baridi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kunipamba. Hapo juu alitaka aweke 'mpendwa', nikamwambia wapendwa ni wengi, wa mgongoni mwangu alikuwa mmoja. Na barua hii haina bahasha. Nimetaka hivyo. Atapewa dereva wa lori, naye atampa mwenzake, mpaka ikufikie huko Urambo kwenye tumbaku, na kila atakayeishika njiani akitaka kuisoma aisome. Ulichofanya ulikifanya mbele ya watu. Sioni kwa nini mimi ninong'one.

Nianze mbali kidogo. Mama yako alipokufa ulikuwa hujaota meno, nikakufunga mgongoni nikaenda nawe kupalilia maharage. Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Ulipoanza kusema, neno lako lilikuwa moja: 'Nani kasema?' Nikikuambia usikalie kinu, nani kasema. Nikikuambia kaa mbali na mto, nani kasema. Siku moja nilikuambia mtu akipiga mluzi jua likishazama anaita nyoka. Ukazunguka nyuma ya nyumba, ukapiga mluzi, ukasimama pale kumngoja. Halafu ukarudi umekunja uso: 'Bibi, nyoka hajaja.' Nilikuchapa. Lakini nilipogeuka jikoni nilicheka mpaka machozi, nikajisemea, huyu hatadanganywa na mtu.

Ndiyo maana hili limenishinda kulielewa, mwana wanje, mwanangu. Nimekaa nalo sana.

Spesioza nawe umemjua tangu mkiwa watoto. Wazazi wake walivuka mpaka katika mbio zile za kwanza za Warundi, yeye akiwa mtoto wa kubebwa, wakapewa shamba jirani na letu. Alikulia hapa. Alijifunza kulima kwenye udongo huu. Kirundi chake na Kiha chetu havikupishana sana, ni yale maneno machache tu uliyokuwa ukimtania nayo, naye anakujibu kwamba Waha mnaongea kama mmeweka kiazi cha moto mdomoni. Ulipomtaka, nilitoa majembe na mbuzi kwa baba yake, tukanywa, tukacheza, basi. Kanisani mlisema mtakwenda mkipata nguo. Hamkwenda. Sikuona shida. Kijiji kizima kilikuwa kimekunywa pombe ya harusi ile.

Na alijua kupika pombe ya ndizi, huyo binti! Akiipua chungu analeta mirija, anapiga goti, anavuta yeye kwanza, anameza, ndipo anakukabidhi mrija wako. Ndivyo tunavyofanya, aliyepika anaonja mbele ya anayempa. Ni heshima. Nilikuwa nikikutazama wakati ule. Hukuwa hata unamwangalia akionja. Ulikuwa umeshanyoosha mkono, huku unaendelea na hadithi yako.

Kisha ukaleta redio.

Uliipata Nyarugusu, kwa wakimbizi wa Kongo. Ulikwenda na baiskeli na gunia la maharage, ukarudi bila maharage. Ulituigizia yule Mkongomani aliyekubadilishia, tukashika mbavu: 'Papa, hii radio iko muzuri sana, inakamata mpaka kwa Bazungu!' Spesioza akaondoa ungo wake kwenye msumari ili redio ikae pale. Betri zikichoka ulizianika juani kando ya mihogo, na mvua ikitishia ulikimbilia betri kwanza, mihogo baadaye. Nikasema, ah, kijana na kitu kipya, atachoka.

Mwanzoni ilikuwa muziki na matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Lakini vita vya ng'ambo ya mpaka, Burundi, vikakolea. Watu wakaanza kumiminika, wengine wakipita hapa na godoro kichwani, wengine hawana hata godoro. Na wewe ukaipata ile stesheni ya jioni, ile iliyokuwa ikikatikakatika, yenye mwanamume anayesema Kirundi taratibu kama mchungaji anayefariji wafiwa.

Sikiliza nikuambie nilichokiona, maana wewe ulikuwa ndani yake na mimi nilikuwa pembeni nachambua maharage. Mtu yule alikuita ndugu. Kila jioni, 'ndugu yangu'. Mimi nilikuita mvivu. Spesioza alikutaka ukachote maji. Mtu yule hakukutuma popote. Hakukohoa, hakuchoka, hakukubishia, hakunuka jasho. Wewe ulikuwa na hofu tayari, nani hakuwa nayo mwaka ule, wageni kila njia, kuni zinaisha, mbuzi wanapotea? Yeye akaichukua hofu yako, akaipa jina, akakurudishia. Ukaona, 'Huyu ananijua.' Hakujui! Hajawahi kukuona hata ukipita.

Akasema wapo waliotumwa, wamejichanganya na wakimbizi. Akasema ni wanawake. Akasema wanatia sumu kwenye pombe na kwenye visima, sumu ya polepole, mtu anakonda mwaka mzima ndipo anakufa. Ukaniuliza, 'Bibi, umesikia?' Nikakuambia nimesikia, na mtu akikonda mwaka mzima hapa kwetu sababu tunazijua, hazitaki kutumwa. Ukacheka. Wakati ule ulikuwa bado unacheka.

Unaikumbuka siku ya gulio la Rungwe Mpya? Mimi naikumbuka kuliko siku ya harusi yako. Ulikwenda asubuhi kuuza maharage, ukarudi na chumvi na sabuni, ukaoga, ukakaa barazani na redio yako. Yohana wa mashine ya kusaga alikuwepo, amekuja kusikiliza kama kawaida. Ghafla ukaingia jikoni, macho yamekutoka.

'Bibi, leo gulioni Rungwe Mpya wakimbizi wametoa mapanga, watu wamekatwa!'

'Si wewe umetoka huko?'

'Nimetoka huko.'

'Uliona panga?'

'Yale ya kuuzwa.'

'Damu?'

'Ya mbuzi, kwa mchinjaji.'

'Sasa?'

Ukasimama. Nilikuona unatafuta. Nilidhani unatafuta ile 'nani kasema' yako ya utotoni, nikakungoja uipate. Ukasema, 'Labda ilikuwa upande wa pili, Bibi. Au nilipokwisha kuondoka. Redio haiwezi kusema tu.'

Moshi ulikuwa mwingi jikoni, ukadhani ndio uliokuwa ukinitoa machozi. Mjukuu wangu alikuwa ameikana miguu yake mwenyewe iliyokwenda na kurudi. Uliona gulio zima, ukanunua chumvi mikononi mwa hao hao wakimbizi, kisha mtu aliye mbali, ambaye hajui hata Rungwe Mpya iko wapi, akakuambia hukuona, ukakubali.

Kesho yake Yohana akawaambia wanawake waliopeleka mihogo mashineni. Hakusema amesikia kwetu, alisema 'inajulikana'. Wale wanawake wakaipeleka habari ile kisimani. Kutoka kisimani ikapanda kanisani, na Jumapili ikarudi nyumbani kwetu imevaa viatu. Ukaniambia, 'Unaona, Bibi? Hata watu wa kanisani wanasema, hata kisimani, hata mashineni. Wote hawa ni waongo?'

Nikakuambia, hawa wote ni mtu mmoja. Neno lilitoka hapa barazani, kwenye benchi hili, likazunguka, likakurudia wewe, na wewe ukalihesabu kama mashahidi. Ukanitazama kwa huruma, Meshaki. Huruma! Kama mtu anavyomtazama bibi kizee ambaye hajui mambo ya dunia. Ukasema, 'Bibi, wewe hujasoma.'

Kweli sijasoma. Mwalimu hapa ameinua macho kunitazama. Andika, mwalimu.

Baada ya hapo nilianza kukuangalia ukinywa. Spesioza alileta chungu, akapiga goti, akavuta mrija, akameza. Na wewe ulikuwa unamtazama koo. Ulikuwa unangoja uone kama kweli imeshuka. Ile heshima ya mke kwa mumewe ukaigeuza mtihani, na yeye aliona. Mwanamke anaona. Siku iliyofuata alivuta mara mbili, akameza kwa sauti ili usikie. Siku nyingine akavuta tena na tena mpaka akalewa kabla yako, masikini, anacheka huku anatetemeka. Kisha akaacha kupika pombe. Ukasema, kwa nini ameacha? Anaogopa nini? Akipika, kosa. Asipopika, ushahidi. Ulishafika mahali ambapo hakuna kitu angeweza kukifanya kikawa chema.

Na alikuwa na mimba yako.

Ilipotoka ile amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini wakakae kambini, mtendaji wetu aliwaita wote wenye asili ya Burundi pale ofisini, wale wa juzi na wale wa zamani, pamoja. Hakuwa mtu mbaya siku ile. Naye alikuwa anatumwa. Alisema, 'Mwenye mtu wake aseme, abaki naye.' Na watu walisema. Mzee mmoja aliinuka akasema huyu ni mkwe wangu, wakamwacha. Mama mmoja akasema huyu nimemlea, wakamwacha. Ilikuwa rahisi hivyo. Kinywa tu.

Wewe ulikuwa umesimama kwenye ukuta na Yohana. Spesioza alikuwa katikati ya uwanja, mkono umeshika kiuno. Nilingoja. Nilipoona husogei nikasimama mimi, nikasema, 'Huyu ni mke wa mjukuu wangu, majembe nilitoa mimi.'

Mtendaji akasema, 'Bibi, majembe hayasemi. Mume si yule pale? Aseme mwenyewe.'

Watu wote wakakugeukia. Spesioza akakuita. Hakulia, hakuomba. Alisema tu, 'Meshaki,' kama anavyokuita chakula kikiwa tayari.

Ukaangalia miguu yako.

Lori lilipokwisha kuondoka nilikufuata mpaka nyumbani, nikakuuliza kwa nini. Nilitaka useme umepitiwa, umeogopa askari, umelewa, chochote. Ukaniambia, 'Bibi, na kama ni kweli?'

Nimelizungusha neno hilo kichwani mpaka limenilainisha ubongo. Na kama ni kweli. Hukusema ni kweli. Kumbe hata hukuamini sawasawa! Uliamini nusu tu, na nusu ile ilitosha kukufunga mdomo. Nilikuwa nadhani uongo unamwua mtu pale anapouamini. Kumbe unatosha kumtia shaka kidogo, wakati watu wanamngoja aseme.

Ukaondoka bila kuniaga, ukaenda Urambo. Redio uliiacha. Mwalimu aliponisikia nikieleza alidhani nitasema niliivunja. Sikuivunja. Iko chini ya kitanda, imekufa betri. Ningeivunja ningekuwa nakusaidia, maana ungesema kosa limekwisha kuadhibiwa. Redio haikusimama ukutani na Yohana. Redio haikuoa.

Sasa nikupe habari, ndiyo iliyonifanya nimsumbue mwalimu na baridi yake.

Nilikwenda kambini, upande wa Kibondo. Nilipanda lori la mbao mpaka mjini, halafu nikatembea, magoti haya unayajua. Nilichukua unga wa muhogo na maharage mapya. Nilimkuta chini ya turubai, amekonda, alishajifungua salama, mtoto anatambaa. Binti. Ana masikio yako yale ya kusimama. Nikamshika mtoto, nikakaa. Spesioza akanipikia chai ya rangi, tukanywa. Kisha akaniuliza.

'Bibi, ni kweli Meshaki ndiye aliyekwenda ofisini kabla, akasema nichukuliwe?'

Nikashtuka. 'Nani kasema?'

'Wote wanasema. Mama wa turubai lile kasema. Waliokuja baadaye wamesema hivyo hivyo.'

'Nilikuwepo, mwanangu. Alinyamaza. Ni ubaya, sikuufichi, ni ubaya mkubwa. Lakini hakukuuza.'

Akanitazama vizuri, bila hasira. 'Bibi,' akasema, 'wewe ni damu yake.'

Umeona? Mimi niliyesimama uwanjani, niliyeona kwa macho yangu, nimekuwa shahidi mmoja asiyefaa. Na wale ambao hawakuwepo ni wengi, wanakubaliana vizuri. Nikamsihi, nikamwambia kila kitu jinsi kilivyokuwa, mpaka rangi ya shati lako. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa heshima. Alikuwa ananiitikia kama wewe ulivyokuwa ukiniitikia.

Mwisho akasema, 'Nikisikia kwa kinywa chake, labda.'

Halafu akaniambia anaondoka. Mvua zikipungua, kuna kundi linalorudi Burundi. Nikamuuliza kule kuna nini. Akasema wanasema kumetulia, mashamba yanawangoja. Nikauliza nani kasema, akasema wamesikia. Wana redio pale, Meshaki, mtu mmoja kwenye mstari ule wa maturubai, na jioni wanakusanyika. Spesioza, aliyetoka kule mgongoni mwa mama yake, hajui hata kilima chao ni kipi, anajifungasha na mtoto kwenda penye risasi kwa sababu sauti imewaambia ndugu rudini. Jana yake, nilipokuwa njiani, nilikutana na waliotoka huko wiki hiyo hiyo, wana vidonda vibichi. Nikamwambia. Akasema, 'Labda hao ni wa upande mwingine, Bibi.'

Nikajua sasa kwamba mimi peke yangu siwezi. Uongo ulioingia kwa kinywa cha watu wote hautoki kwa kinywa cha bibi. Aliyenyamaza ndiye aseme. Mwalimu amekwenda kuniulizia kwa wakubwa wa kambi, wakamwambia mume akija mwenyewe na watu wa kijiji, akasema huyu ni mke wangu na huyu mtoto wangu, litasikilizwa. Hawakuahidi zaidi ya hapo na mimi sikuahidi zaidi. Inawezekana ukaja naye akakutemea mate. Ana haki. Utafuta uso, utasema ulichokuja kusema. Unasema mbele yake kwamba ulinyamaza na kwa nini ulinyamaza, hata kama ni aibu, hasa kama ni aibu. Kisha unasema ofisini kwa sauti. Kisha akiamua kwenda, atakwenda akijua ukweli, si akifukuzwa na maneno.

Na usije ukaniambia unangoja tumbaku ikauke.

Kuna jambo nimeliacha mpaka hapa, na mwalimu ameweka kalamu chini mara mbili akidhani nimemaliza. Ni jina la mtoto. Unajua kwao na kwetu jina la mtoto ni ujumbe, mtu humwambia jirani kwa kinywa cha mwanawe kile asichoweza kumwambia usoni. Na unajua anayetoa jina ni baba. Baba hakuwepo. Kwa hiyo Spesioza alimpa mwenyewe. Amemwita Nzikobanyanka. Maana yake, 'Najua wananichukia.' Wapo wengi wenye jina hilo, hata wazee wema, silitukani. Lakini lile limesemwa kwetu, kwa kijiji hiki, na la kwanza kabisa kwako, na aliyebebeshwa ni mtoto anayetambaa, ambaye bado hajachukiwa na mtu yeyote duniani.

Nikasema nitalibadilisha. Nilikaa naye chini nje ya turubai nikamwita Furaha. Nikamwita kwa jina la mama yako. Nikapiga makofi, nikaimba, nikamwita tena. Akaendelea kuchezea udongo kama hajasikia kitu. Mama yake akatokeza mlangoni, akamwita kwa lile jina, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita mtoto aje anyonye.

Akageuka, akacheka, akaenda.

Ni mimi niliyekubeba, na ambaye sijakutua,

Bibi yako.